Acheni kutuuzia mapambo mkayaita nyumba za ndege

Wakuu, leo nimechoka kunyamaza. Hizi nyumba za ndege zinazouzwa siku hizi, zenye paa la rangi, dirisha la kuchora na kijiti kimechomoza mlangoni, nyingi hazifai ndege yeyote kulelea watoto. Ni mapambo. Mngeziuza kama mapambo nisingekuwa na neno. Lakini mnachora makinda kwenye boksi, mnaandika "inavutia ndege wote", mtu ananunua kwa moyo mweupe, anaitundika bustanini, na ndege naye anaiamini.

Hilo la ndege wote ni uongo wa mchana kweupe. Wanaoingia humu ni wale tu ambao kwa asili yao hutaga kwenye mashimo ya miti. Kwera anasuka chake, chozi ananing'iniza chake, hua anapanga vijiti vyake juu ya tawi. Hao hata uwajengee kasri hawaingii.

Haya, kijiti. Nani aliwaambia ndege anakihitaji? Huko kwenye mti hakuna aliyempigilia kijiti. Anakuja, anashika ukingo wa tundu kwa kucha, anazama ndani, basi. Anayefaidika na kijiti ni adui: kunguru anasimama pale kwa raha zake, anaingiza shingo na kuchomoa kinda mmoja baada ya mwingine. Na bado kila nyumba dukani inacho, kwa kuwa mnunuzi amezoea kukiona kwenye picha.

Tundu nalo ndilo linaniumiza zaidi, maana hapo ndipo pa kujua kama mtengenezaji aliwahi kumfikiria ndege hata dakika moja. Vindege vidogo vya Ulaya vinavyolisha makinda viwavi vinatosheka na tundu la milimita 25 au 28. Shorewanda anataka kama 32. Ndege wa buluu wa Amerika ya Kaskazini hupewa milimita 38, na hiyo 38 haikuokotwa njiani: kwezi wa Ulaya hapiti hapo. Kwezi hao waliachiliwa New York mwaka 1890, wakazaana na kuenea bara zima wakiwapora wenyeji mashimo yao, hadi watu wakalazimika kutengeneza visanduku ambavyo mlango wake unamzuia mporaji. Milimita chache tu, ndizo zinazoamua nani alale ndani na nani afukuzwe. Nyie mnatoboa tundu kwa keekee yoyote iliyo karibu, kisha kwenye boksi hamwandiki hata kipimo!

Sasa niwaeleze kilichonifanya nifungue uzi huu. Jirani aliniomba nimsaidie kushusha ya kwake, kwa sababu ndege walikuwa wameingia na kutoka kwa muda, halafu ghafla kimya. Ile nyumba haina bawaba, haina skrubu, imegundishwa na kupigiliwa misumari pande zote. Ikabidi niibandue kwa tindo. Sakafu ya plaiwudi imevimba, tabaka zimeachana, haina hata kitundu kimoja cha kutoa maji. Nyasi na manyoya yamegeuka tope linalonuka, na makinda wamefia humo humo, wakiwa tayari na manyoya ya mabawa. Ukuta wa mbele kwa ndani ulipakwa rangi ya mafuta, laini kama kioo, na chini ya tundu kuna mikwaruzo ya kucha. Walikuwa wanapanda wanateleza. Jirani alipompigia aliyemuuzia, akajibiwa kwamba ile ni "ya urembo tu". Urembo! Na picha ya makinda kwenye boksi ni ya nini?

Ukuta huo dawa yake ni ndogo mno: acha ubao bila kupiga randa kwa ndani, au uchonge mifereji midogo chini ya tundu ili makinda wapate pa kushika. Tundu liwe juu ya sakafu kwa sentimita 12 au zaidi, mkono wa paka usifike. Ubao uwe mtupu, unene usipungue milimita 15, kwa sababu bati na plastiki hupika makinda jua likiwaka. Sakafu iwe na vitundu vya maji kwenye pembe, paa lichomoze mbele kufunika mlango, na upande mmoja ufunguke. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji fundi bingwa.

Mahali pa kuweka, mita 2 hadi 4 kwenda juu, mlango ukwepe jua kali na upepo wa mvua. Nguzo laini yenye kizuizi cha bati ni salama kuliko tawi ambalo paka anatembea juu yake.

Na nyie mnaoshauri watu wapulize dawa ya wadudu ndani, acheni. Ndege analala humo, makinda wanapumua humo. Msubiri hadi msimu wa kutaga uishe kabisa, maana wengine hutaga tena baada ya makinda wa kwanza kuruka. Hapo toa kiota cha zamani chote, ukiwa umevaa glavu na barakoa kwa sababu ya vumbi la kinyesi, mwagia maji yanayochemka yaue viroboto na utitiri, anika hadi pakauke, funga. Kiota kikiachwa, kipya hujengwa juu yake, mayai yanapanda kuelekea mlangoni, na kucha za adui zinayafikia. Sasa niambieni, nyumba iliyogundishwa pande zote inasafishwaje?

Mliokwisha kununua: kateni kijiti leo, toboeni sakafu, ng'oeni upande mmoja mtie bawaba. Kama kuna ndege anaatamia, msiguse hadi makinda waruke. Mnaokwenda kununua, mwambieni muuzaji aifungue mbele yenu na awatajie kipimo cha tundu. Akishindwa, mwachieni nyumba yake. Na wauzaji mliomo humu, nasubiri majibu: kwa nini vipimo haviandikwi kwenye boksi?