Tupeane uzoefu: timu yako ya NBA ilipomchukua (au kumwachia) mchezaji wa pancha

Mtoa mada
Wakuu, habari za muda huu.

Kila siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) ikikaribia, ubishi ni uleule: jamaa ni fundi, ila mwili haumruhusu. Sasa anauzwaje? Naomba waongee wale ambao timu zao zimeshapita huko. Mlitoa nini, mkapata nini?

Angalizo langu ni moja. Msiniletee "amekosa mechi ngapi" mkaishia hapo. Kifundo kilichoteguka kwa kukanyaga mguu wa mpinzani ni ajali. Goti lililolika gegedu ni habari nyingine, na hilo hakuna likizo itakayolitibu.

Bad Boys Damu
Sisi wa Detroit tulinuna sana 2000. Grant Hill alikuwa anaondoka tu, mkataba umekwisha, na kifundo cha mguu wa kushoto kilishavunjika kwenye mtoano. Uongozi ukapiga akili: asaini, halafu apelekwe Orlando, ili tusibaki mikono mitupu. Tukaletewa Chucky Atkins na Ben Wallace, mtu ambaye hakuchaguliwa hata kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua chipukizi kila mwaka). Tuliona tumetupiwa makombo.

Orlando walimpa Hill miaka 7. Msimu wa kwanza akacheza mechi 4, wa pili 14, wa tatu 29, na wa nne hakukanyaga uwanja kabisa. Msimu huohuo wa nne, 2004, sisi tunabeba kombe na Wallace ndiye nguzo ya ulinzi. Hill alikuwa mchezaji mkubwa, hakuna wa kubisha. Kosa la wenzetu ilikuwa ile miaka 7 juu ya kifundo ambacho hakijapona.

Jezi ya Buluu 76
Mkuu, wewe angalau unacheka. Agosti 2012 Philadelphia tulimpata Andrew Bynum kwenye dili la timu nne. Akatoka Iguodala, akatoka Vučević, akatoka Harkless, na chaguo la raundi ya kwanza (haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti) juu. Bynum hakutuchezea hata dakika moja. Magoti yote mawili. Katikati ya kusubiri tukasikia goti limezidi kuuma baada ya kwenda kucheza boling. Boling, jamani!

Mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja, kwa hiyo mshahara haukutuua. Kilichouma ni kumwona Vučević anakuwa nyota akiwa Orlando. Tangu hapo mimi huanza kuangalia vijana wanaotoka, ndipo namtazama anayeingia.

Kaskazini Daima
Tofauti na hapo, Toronto tulicheza kamari tukala. Kawhi Leonard alikuwa amecheza mechi 9 tu San Antonio msimu wa 2017-18, shida ikiwa paja. Tukamtoa DeRozan, mtu aliyeipenda Toronto kuliko sisi wenyewe, pamoja na Poeltl na chaguo la raundi ya kwanza. Kawhi akaja na Danny Green.

Nikwambieni kilichofanyika: walimchezesha mechi 60 kati ya 82. Timu ikicheza siku mbili mfululizo, moja anapumzika. Watu walilalamika, tiketi wamelipia. Mtoano ulipofika alikuwa mzima, na ule mpira uliodunda mara nne kwenye chuma dhidi ya Philadelphia (pole, Jezi ya Buluu) ukaingia. Akatupa ubingwa wa 2019, akaondoka. Niulizeni kama najutia.

Jezi ya Buluu 76
Ilikuwa lazima uitaje hiyo?

Kocha wa Kochi
Msisahau vipimo vya afya. 2017 Cleveland walimwachia Kyrie Irving aende Boston, wakampata Isaiah Thomas na wengine. Madaktari wakaikagua nyonga ya Thomas, dili likakwama siku kadhaa, mwisho Boston wakaongeza chaguo la raundi ya pili. Yaani nyonga ya mtu aliyetoka kufunga wastani wa pointi 28.9 ililipiwa fidia ya raundi ya pili! Alicheza Cleveland mechi 15, akapelekwa Lakers.

Mav wa Majonzi
8 Februari 2025. Anthony Davis, mechi ya kwanza Dallas: pointi 26, ribaundi 16, pasi za mabao 7. Robo ya tatu akatoka ameshika kinena. Na mnajua tulimtoa nani: Luka Dončić. Sina la kuongeza.

Kijani Kibichi
Boston tulimchukua Porziņģis 2023, Marcus Smart akaenda Memphis. Roho iliuma. Raundi ya kwanza ya mtoano wa 2024 kigimbi kikagoma, ila nyuma yake alikuwepo Al Horford, tukapeta hadi fainali. Mechi ya kwanza akarudi kutokea benchi, pointi 20, kisha akaumia tena. Kombe tulichukua. Mav, samahani, najua fainali ile mlikuwa nyinyi.

Mtoa mada
Kijani, hilo la Horford, yaani kuwa na mbadala wa kuaminika, ndilo nililokuwa nalisubiri. Wa New Orleans mko wapi? Tuleteeni ya Zion Williamson, nyota wenu wa majeraha.