Benki imenikata "kodi za nyumba" na LUKU ya umeme inanikata kila mwezi. Naombeni ushauri

Mbeba Zege
Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya kawaida, siyo ghorofa, huku Kinyerezi. Nimeijenga kwa mkopo wa benki (jina naliweka kapuni), hati iko kwao. Juzi nimechukua taarifa ya mkopo nakuta wameongeza deni: "kodi za nyumba 312,000". Sikupigiwa simu, barua sijaona, na riba inakula humo humo.

Sasa mimi kila mwezi nikinunua umeme nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Meseji ninayo hapa: nimeweka 20,000, ikatoka VAT, tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (wadhibiti wa nishati), halafu hiyo 1,500. Units zilizobaki nitawatajia siku nyingine. Nimeenda benki, dada wa mikopo kaniambia "mfumo ndivyo ulivyo". Nafikiria mwezi huu nisipeleke rejesho mpaka wanirudishie hela yangu.

Mama Wawili
Kaka, rejesho peleka! Ukiacha, kesi inageuka. Badala ya wewe kudai wao, wao ndio wanakudai, na notisi ya siku 60 ya kulipa deni ikishakufikia hakuna atakayesikiliza habari za LUKU. Lipa huku unalalamika.

Kishoka Mstaafu
Umeme unautumia na kodi unalipa, wapangaji wako je? Kwangu wapangaji ndio wanalipa kodi ya jengo langu kupitia LUKU, kila tarehe moja nanuniwa mlangoni 😂

Mzee wa Beacon
Mkuu, hapo umechanganya vitu viwili. Kodi ya jengo ndiyo hiyo ya LUKU. Ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500 Julai 2023, kwa hiyo mwaka mzima ni 18,000. Hata wakukate miaka mitatu haifiki 60,000. 312,000 haiwezi kuwa kodi ya jengo. Hiyo inanuka pango la ardhi, yaani kodi ya kiwanja ya kila mwaka, ambalo halipiti kwenye umeme. Linalipwa kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), mwaka wake unaanza Julai. Umelipa pango?

Mbeba Zege
Nimelipa, mkuu. Mwaka jana na mwaka huu, kwa simu, risiti ninazo.

Mzee wa Beacon
Basi swali ni moja tu: risiti yao iko wapi? Mikataba mingi ya rehani inairuhusu benki kulipa kodi ya kiwanja na kukuongezea kwenye deni, maana ukipoteza kiwanja na wao wamepoteza dhamana. Lakini iwe imelipa kweli. Malipo ya serikali hayaendi hewani, yana kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Andika barua, omba hiyo namba, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiongee kaunta, maneno ya kaunta hayana tarehe.

Mama Wawili
Na muhuri usome tarehe vizuri. Wangu waliugonga nusu nje ya karatasi, nikarudishwa mwanzo. Wakikaa kimya, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja, ila watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yako. Hapo ndipo nakala inapofanya kazi.

Kishoka Mstaafu
Au nenda Baraza la Ardhi na Nyumba kabisa.

Mzee wa Beacon
Kwa laki tatu? Nauli na siku za kazi zitamla kabla ya hukumu. Aanze na barua.

Mbeba Zege
Mrejesho, wakuu. Barua nilipeleka Jumatatu, leo nimepewa risiti. Walilipa kweli, pango la ardhi na malimbikizo yake. Nikaisoma palepale nimesimama: namba ya kiwanja ni yangu, ila kitalu ni D. Changu ni B. Kuna jirani huko kitalu D nimemlipia malimbikizo yote na wala hajui.

Dada wa mikopo safari hii hakutaja mfumo. Kaenda kumwita meneja, na mimi nimeandika barua ya pili: hela irudi pamoja na riba yake. Rejesho nimepeleka.

Mama Wawili
Muhuri umegongwa?

Mbeba Zege
Katikati ya karatasi, dada.