Kuku mwenye vifaranga hamchinji, ila sungura anayenyonyesha mnampiga bunduki usiku na kumposti status?

Wakuu habari za jioni. Leo sina salamu ndefu, nina hasira, alafu natumia simu yenye kioo kilichopasuka kwa iyo makosa ya herufi mtanisamehe.

Mimi ni mkulima wa huku Masasi, njia ya kwenda Nachingwea. Nina ufuta ekari tatu, pembeni kipande cha mahindi na kunde, na kwa chini kule kuna mikorosho tuliyoachiwa upande wa mama. Jumamosi iliyopita kama saa mbili usiku nipo dunguni na mjomba tunalinda mahindi nguruwe wasiingie, mara tukaona mataa. Pikipiki tatu, kila moja watu wawili, wa nyuma kashika spotilaiti imeungwa kwenye betri ya pikipiki, wengine tochi za kichwani, na bunduki za upepo mbili zenye darubini juu kama wanaenda vitani. Hodi hakuna. Wamepita katikati ya ufuta wangu ulioanza kutoa maua, hapo tu tayari nishachefukwa.

Tukashuka. Mjomba akaita, jamani nyie kina nani, huku kuna watu wamelala. Mmoja akajibu "shikamoo mzee, tunasaka kitoweo tu." Ile shikamoo ndo ilinikera zaidi kuliko hata matusi, maana unamwamkia mtu mzima huku unammulika machoni shambani kwake.

Sasa kwenye usukani wa pikipiki walikuwa wamening'iniza sungura tisa. Mjomba kasogea na tochi yake, akamshika mmoja tumboni, akabonyeza chuchu, maziwa yakatoka. Bado ya moto. Akamshika wa pili, naye maziwa. Akafuta mkono kwenye suruali akanyamaza, na mjomba wangu mimi sio mtu wa kunyamaza, muulizeni yeyote aliyewahi kugombania mpaka wa shamba naye.

Alafu kuna vitoto vitatu vilikuwa vimetupwa kwenye kapu la pikipiki pamoja na chupa za maji. Vitoto kabisa, ukubwa wa ngumi. Nikamuuliza yule kijana hivi navyo mnaenda kufanyia mboga gani? Akasema, namnukuu, "aah hivi havina nyama braza, tulikuwa tunajaribu shabaha." Akavichukua akavirusha pembeni ya njia, wakawasha pikipiki wakaondoka.

Asubuhi jirani ananionyesha status, picha wamepanga sungura kwenye boneti ya gari, wanacheka, chini wameandika "wazee wa kazi." Wale tisa tu wapo kwenye picha, vile vitatu hawakuviweka. Kwa maana hiyo hata wao wanajua.

Kabla hamjaanza, mimi sungura nakula. Sitaki mtu aje kunielezea habari za wazungu na kutetea wanyama, mimi ni mtu wa kusini bwana, nimekua nikila panya wa shambani waliokaushwa vizuri kwa moshi na sioni aibu, mnaocheka chekeni. Jandoni tulikuwa tunatega kila siku. Marehemu babu alikuwa na gobore na alijulikana vijiji vitatu. Tatizo langu sio nyama. Tatizo langu ni kwamba babu masika alikuwa analitundika lile gobore darini mpaka mavuno yapite, na ukimuuliza kwanini alikuwa anakwambia nenda kamuulize mama yako kwanini hachinji kuku mwenye vifaranga.

Na hilo ndo swali langu kwenu. Hapa kusini nzima, nendeni Newala, Tandahimba, Ruangwa, Liwale, tafuteni nyumba ambayo mgeni akija wanamkamata kuku mwenye vifaranga wiki moja wanachinja. Hakuna. Hata awe mkwe. Mtamkimbiza jogoo nyumba ya tatu mumkope, lakini yule mama mtamwacha. Mchinja mbuzi akikutana na mimba tumboni siku hiyo anasemwa soko zima. Sasa hii akili inapotelea wapi mkishapanda pikipiki?

Ngoja niwaeleze kitu ambacho naona vijana wengi hawakijui, maana wanadhani sungura wa porini ni sawa na wale weupe wa kufuga kwenye mabanda. Sio sawa hata kidogo. Wa kufuga asili yake huko Ulaya, yule anachimba shimo, anazaa vitoto vipofu havina manyoya, na kwa mimba ya siku thelathini na kidogo anakutolea sita, nane, hata zaidi. Huyu wetu hachimbi shimo. Anabeba mimba kama wiki sita, anazaa kimoja, viwili, vikizidi sana vitatu, na vinazaliwa na manyoya na macho yameshafunguka. Anaviacha hapohapo kwenye majani, kila kimoja kivyake, ili mwewe au kanu akikiona kimoja asipate vyote. Vinajilaza chini kimya, havikimbii, hiyo ndo kinga yao. Yeye mama mchana kutwa hakai navyo, anakaa mbali ili harufu yake isiwaite adui. Anarudi mara moja tu, giza likishaingia, anavinyonyesha dakika chache basi, anaondoka mpaka kesho yake.

Mmeelewa hapo? Giza likishaingia. Mnaingia saa mbili usiku na spotilaiti, ndo saa ileile mama yupo njiani anakuja kunyonyesha. Mnasema sungura mwezi huu ni wajinga, wanakuja wenyewe kwenye taa. Hawaji kwenye taa, wanakuja kwa watoto wao na nyie mmesimama katikati. Yaani sungura huyuhuyu aliyemshinda fisi kwenye hadithi zote za utotoni, leo anaokotwa kama embe lililoanguka.

Na ukimpiga mama, asubuhi hakuna anayejua, hakuna anayevisikia vile vitoto vikilia kwa sababu havilii. Vinasubiri. Usiku unaofuata vinasubiri tena. Mimi Jumapili niliingia kwenye kunde na jembe nikavikuta viwili, kimoja kimejilaza hatua kama nane kutoka kwa mwenzake, nilikaribia kukikata. Hakikusogea. Nimekishika kimekaa tu mkononi moyo unapiga kama injini ya mashine ya kusaga. Nikavibeba vyote viwili nyumbani.

Nilienda kwenye ofisi ya kijiji kulalamika. Sitaitaja. Nimekaa kwenye benchi saa nzima, nikaingia, nikaeleza, nikaulizwa "wamekuibia nini?" Nikasema wameingia shambani usiku na silaha, mama mdogo ndoo yake ya maji imetobolewa na risasi nje ya kibanda alicholala. Nikaambiwa mbona ndoo sio mtu. Nikaeleza habari ya sungura, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Nikaambiwa sungura sio tembo.

Sawa sio tembo. Lakini sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 haijasema tembo peke yake. Kuwinda kunataka leseni, hata kwa mnyama mdogo. Kuwinda kwa kumulika taa usiku ni njia iliyokatazwa, kutega waya imekatazwa. Kupiga mtoto wa mnyama, au jike mwenye mimba, au jike aliye na mtoto, navyo vimekatazwa. Na msimu wenyewe wa uwindaji unafunguliwa Julai, wakati masika yameshaisha, na waliopanga hivyo hawakuwa wanapiga ramli. Ni kitu kilekile alichokuwa anafanya babu na gobore lake darini, tofauti yeye hakuwa na leseni wala gazeti la serikali (Mungu amrehemu, na naomba TAWA, wale wa mamlaka ya wanyamapori, wasimfuate kaburini).

Mnyonge akipita na waya wake wa kutega kwa sababu nyumbani hakuna mboga, anakamatwa. Wenye pikipiki tatu na bunduki zenye darubini wanaitwa vijana wanaojichangamsha. Hiyo nayo inaniuma.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu tangu jana usiku, mengine yamenichekesha, mengine nitajibu hapa kwa pamoja maana bando halitoshi kumjibu mmoja mmoja.

Aliyesema "sungura wanamaliza kunde zetu, wapigwe tu." Kaka mimi ndo mwenye kunde. Mwaka jana walinilia mistari miwili yote ikiwa changa, nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Nilichofanya nikaenda Mtwara kuchukua nyavu chakavu za wavuvi nikazungushia, na pembeni miiba, zimepungua shida. Na kama lazima umpige, kiangazi si kipo? Mavuno yakishatoka, majani yamekauka, anaonekana mchana kweupe, amenona. Tena hao walioingia kwangu hawakuja kunisaidia kunde, pikipiki zao zimelaza ufuta mwingi kuliko sungura wote wa kata hii wangeweza kula mpaka Krismasi.

Aliyesema "mbona sungura anazaa mwaka mzima, kwa iyo kwa hesabu yako tusiwinde kabisa." Hii angalau ni hoja. Ni kweli anaweza kuzaa wakati wowote, ila masika majani yakiwa mengi ndo wanajaa, hata wewe unajua ndo maana unatoka mwezi huu na sio mwezi wa tisa. Hakuna anayekudai uhakika wa asilimia mia. Kiangazi ukimpiga mmoja kwa bahati mbaya akawa na maziwa, utaumia na utaendelea na maisha. Masika unajua kabla hujatoka nyumbani. Kuteleza na kwenda kwa makusudi ni vitu viwili.

Aliyeweka video ya jamaa wa Uingereza anapiga sungura na bunduki ya upepo mwezi wa tano, na wewe ukaandika "wenzetu walioendelea." Mzee, huko sungura wa mashimo ni mharibifu kisheria, wana sheria ya mwaka 1954 inayomlazimisha mwenye shamba awapunguze. Australia waliachiwa ishirini na kitu tu mwaka 1859 wakajaa nchi nzima mpaka ikabidi wajenge uzio wa maelfu ya kilomita. Hao wana shida yao na wanapambana nayo. Na huko hukohuko Uingereza mnyama anayefanana na huyu wetu, yule asiyechimba shimo, anatazamwa tofauti, Scotland wana miezi ambayo hapigwi kabisa na miezi yenyewe ndo ya kulea. Kwa iyo hata kama unataka kuiga wazungu, iga na hiyo. Ila wewe umeona bunduki tu.

Na hata huko kwenye hiyo video yako, nimeangalia mpaka mwisho kwa bando langu, jamaa mwenyewe kaviona vitoto viwili mdomoni mwa shimo kaviacha.

Aliyesema "wewe unakula kuku, mayai, na panya, unafiki." Soma tena kuanzia juu, polepole.

Dada mmoja kasema kwao Nanyumbu wamekubaliana kijijini hakuna kumulika masika, ukikamatwa unanyang'anywa nyama na unalima shamba la shule siku tatu. Dada asante, mkutano ujao nalipeleka hili kama lilivyo, mjomba kasema atalisimamia na mjomba akisimama mkutanoni huwa hakai mpaka apewe.

Kuna mwingine kaja inbox kunitisha eti kile kitoto nilicho nacho nyumbani ni nyara ya serikali na naweza kufungwa. Sawa. Waje. Kipo kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, wafuate njia ya Nachingwea waulize nyumba yenye nyavu za samaki kwenye kunde, na mimi nitawauliza Jumamosi walikuwa wapi.

Maana ni kimoja sasa hivi. Mwenzake amekufa jana alfajiri, nilikuwa nampa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano akaanza kuharisha. Huyu aliyebaki nimemhamishia ya mbuzi tangu jana mchana, nampa jioni tu kama mama yake alivyokuwa anafanya, naona tumbo limetulia kidogo. Kama kuna mtu humu aliwahi kulea mmoja wa porini mpaka akamwachia, aniambie majani anaanza kumpa siku ya ngapi.

Wale wa "picha au haijatokea," sipigi. Akiona mwanga anajilaza chini anatetemeka.