Je, dirisha la zamani lifungwe siku mfumo mpya unapozinduliwa?

Swali ninalolileta mjadalani ni hili: serikali inapohamishia huduma mtandaoni, je, ifunge dirisha la karatasi siku ileile, au iache njia zote mbili ziende sambamba kwa muda? Wanaotaka lifungwe mara moja wana hoja ambazo hazifai kubezwa. Wanasema kuendesha njia mbili ni kuilipia kazi moja mara mbili, na kwamba mwananchi hahami maadamu njia aliyoizoea bado iko wazi. Hata hivyo, mimi sikubaliani nao.

Niliwahi kuketi kando ya mzee mmoja aliyekuwa akihakiki taarifa zake za pensheni. Alijaza kurasa tatu taratibu, akisoma kila swali kwa sauti, kisha mfumo ukamtaka aingize tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yake. Tarakimu hizo zilikwenda kwenye laini aliyoacha kuitumia zamani. Ili abadilishe namba ilimpasa kwanza aingie kwenye akaunti, na ili aingie alihitaji tarakimu zilezile. Alipokwenda kaunta, karani alimweleza kwa upole kwamba hana mamlaka ya kurekebisha chochote, kwa kuwa mambo yote sasa yanafanyika mtandaoni. Mzee yule hakuwa mkaidi wala mvivu wa kujifunza; alifuata kila hatua aliyoelekezwa.

Kwa hiyo kuacha mlango wa ofisi wazi hakutoshi, ikiwa aliye ndani hawezi kufanya lolote ambalo mfumo umekataa. Marekani ililiona hilo kwa kiwango kikubwa. Tovuti ya bima ya afya ya HealthCare.gov ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, ilielemewa mara moja, na kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza ni watu 6 tu waliofanikiwa kujiandikisha. Wananchi waliambiwa wanaweza kupiga simu au kutuma fomu za karatasi, lakini maombi hayo nayo yalipaswa kupitishwa kwenye mfumo uleule uliokwama. Njia ya pili ilikuwepo kwa jina tu.

Najua nitatajiwa Denmark, ambako tangu Novemba 2014 barua za serikali kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi hutumwa kidijitali kwa lazima. Mfano huo ni mzuri, ila usomwe wote: sheria yao iliweka msamaha kwa wasioweza kutumia njia hiyo, kwa mfano kwa sababu ya ulemavu au kukosa kompyuta, na waliosamehewa waliendelea kupokea barua za karatasi. Estonia nayo, ambayo husifiwa kuliko nchi nyingine katika mambo haya, iligundua mwaka 2017 kasoro ya kiusalama iliyogusa takribani vitambulisho 760,000. Ilisitisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo, yaani vinavyomwezesha mwenye kadi kujitambulisha na kutia saini mtandaoni, mwanzoni mwa Novemba, na wenye kadi wakaruhusiwa kuvihuisha wakiwa mbali au kwa kufika ofisini. Foleni zilikuwepo, lakini kulikuwa na ofisi ya kupangia foleni hiyo, na ndani yake mtumishi mwenye uwezo wa kumaliza tatizo.

Simtetei anayetaka karatasi zidumu milele. Ninachopinga ni kufunga dirisha kwa kufuata tarehe iliyotangazwa kwenye uzinduzi. Kila wizara inayohama ihesabu walioanza maombi na kuishia njiani, ijue waliishia ukurasa gani, na isifunge njia ya zamani hadi idadi hiyo ishuke kwa miezi kadhaa mfululizo. Karani wa kaunta apewe mamlaka ya kubadilisha namba ya simu au kusahihisha jina lililokosewa, baada ya kumtambua mtu kwa nyaraka zake. Gharama itaongezeka, nakubali, lakini gharama ya sasa nayo ipo: inabebwa na yule anayesafiri mara tatu kwa jambo moja, wala haimo kwenye hesabu za mradi wowote.

Wenzangu mnaotaka lifungwe mara moja, naomba mnijibu jambo moja: mtu aliyekwama mahali alipokwama mzee yule, siku hiyo aende kwa nani?