Fangasi kwenye mkojo wa mzee, kreatinini (kipimo cha figo) imepanda. Tufanyeje? (Tabora)

Mwana_Ipuli
Wakuu, naomba ushauri. Mzee ana miaka 68, ana kisukari na tezi dume, amevalishwa mpira wa mkojo. Anatumia dawa za sukari, metformini na glibenklamaidi. Mkojo umepimwa (ulichukuliwa kwenye mfuko), majibu yanasema fangasi wengi. Kreatinini 210. Hana homa. Duka la dawa wametoa flukonazoli (dawa ya fangasi) miligramu 150, kidonge kimoja kila wiki, wanasema ni UTI sugu na fangasi ndio wanakula figo. Kweli?

DaktariWaZamu
Pole kwa kuuguza. Mkojo wa mfukoni hauna ushahidi wowote. Mpira uliokaa muda hujenga utando ndani, fangasi wanaota humo hata kama kibofu ni kizima. Badilisheni mpira kwanza, kisha sampuli ichukuliwe kupitia mpira mpya, kwenye chupa safi ya maabara. Fangasi wasipoonekana tena, habari ya vidonge imeisha. Hata wakionekana, kama hana homa wala maumivu, kwa kawaida hatutibu.

Fangasi huharibu figo wakisambaa kwa damu, au wakipanda kutoka kibofuni na kujikusanya donge linaloziba njia ya mkojo. Yote hutokea, hasa sukari ikiwa juu. Ila kwa mzee huyu mimi nashuku tezi kwanza: mkojo ulizuiliwa, ukarudi juu, figo zikavimba. Fanyeni ultrasaundi ya figo na kibofu, hospitali ya Kitete au Nkinga, na mwambieni mpimaji aangalie kama kuna donge.

Mfamasia_Tbr
Naongezea upande wa dawa, maana hapa ndipo pana hatari. Kreatinini 210 kwa umri huo ni uchujaji wa figo wa kama mililita 29 kwa dakika. Chini ya 30 metformini haitakiwi kabisa. Glibenklamaidi nayo hurundikana figo zikichoka, na flukonazoli huizidisha nguvu. Mzee anaweza kushuka sukari usiku mkadhani amelala. Leo hii mpelekeni kwa daktari wake abadilishe, mara nyingi ni insulini. Msiache dawa zote wenyewe.

Ikithibitika ana maambukizi yenye dalili, dozi ya kibofu ni miligramu 200 kila siku kwa siku 14. Uchujaji ukiwa chini ya 50, siku ya kwanza anapewa nzima, zinazofuata nusu. Hiyo 150 ya kila wiki ni dozi ya fangasi wa ukeni. Na kama anameza diklofenaki ya maumivu ya mgongo, mwondoleeni kabisa, huumiza figo.

Mwana_Ipuli
Asanteni sana. Na akipangiwa kutolewa tezi?

DaktariWaZamu
Hapo hesabu inabadilika. Kugusa njia ya mkojo yenye fangasi huwasukuma kwenye damu, kwa hiyo hata asiye na dalili hupewa dawa siku kadhaa kabla na baada. Mkumbushe daktari wa upasuaji, kwa kuwa majibu ya zamani hupotea kwenye faili.

Sista_Zamu
Mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, mwageni ukifika theluthi mbili, na msichomoe kiungo cha mpira na mfuko ovyo. Mpira wa latexi haupiti wiki nne. Homa na kutetemeka, maumivu ubavuni, au mkojo kukata ghafla: msisubiri asubuhi.