Studio za Lubum (Lubumbashi), limita si pampu ya kelele!

Bakubwa, nafungua uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Wimbo mpya ukitoka Katuba, ukitoka Kenya, ukitoka Kamalondo, mitaa yetu yote, unafika masikioni umesongwa kama bukari (ugali). Ukimuuliza fundi, anakutajia jina la plagini (programu ndogo ndani ya programu ya kurekodi) ya limita, ile inayozuia vilele vya sauti visivuke kiwango. Jina la nini? Iwe FabFilter Pro-L 2 ya kununua, iwe LoudMax ya bure, mkono ukiwa ule ule, madhara ni yale yale.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni jinsi mnavyolinganisha. Unashusha tresholdi (kiwango ambacho limita inaanza kubana), wimbo unapanda desibeli 6, msanii anatikisa kichwa: "Sasa imekaa!" Imekaa wapi? Sikio la binadamu likipewa sauti kubwa zaidi husema ndiyo nzuri, basi. LoudMax ina kitufe cha Fader Link. Kiwashe, na slaida za Thresh na Output zitashuka pamoja, utasikia limita inavyoutafuna wimbo bila sauti kupanda. Kwenye Pro-L 2 ni kitufe cha 1:1. Jaribu hivyo kwenye seben (sehemu ya kucheza), pale magitaa, charley (matoazi mawili ya mguu) na atalaku (mhamasishaji) wanapolia kwa pamoja. Magitaa yakizama kila mara kiki (ngoma ya mguu) inapopiga, umeshavuka mpaka. Mimi sipendi kuona zaidi ya 2 au 3 dB za kubana kwenye sehemu nzito. Mita ikigusa 6 kila pigo, tatizo liko kwenye miksi: kiki ni kubwa mno, na limita haijui kushusha kiki peke yake. Inashusha bendi nzima.

Halafu rilisi, muda limita inaouchukua kuachia sauti. Hapa ndipo besi za mji huu zinapofia. Noti ya 50 Hz inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, na ndani yake kuna vilele viwili, kimoja juu, kimoja chini, yaani kila milisekunde 10. Ukiweka rilisi ya milisekunde 5, limita inabana na kuachia ndani ya wimbi lenyewe. Haizuii tena kilele, inachonga umbo la wimbi. Besi inaanza kukoroma, na fundi anasema spika ya mteja imechanika! Anzia 100 hadi 200, punguza taratibu mpaka usikie mkoromo, kisha rudi nyuma kidogo. Lakini usikimbilie 800 nayo, maana pigo moja litaushusha wimbo wote na sauti ya mwimbaji itabaki chini ikisubiri ruhusa ya kupanda. LoudMax inajipangia rilisi yenyewe, kwa hiyo huko dawa ni moja tu: usiibane sana.

Silingi (dari, kiwango ambacho sauti haitakiwi kukivuka) ya 0.0 ni uvivu mtupu. Mita ya kawaida inasoma sampuli (vipimo vya sauti vya papo kwa papo) tu, na wimbi linapojengwa upya kati ya sampuli mbili linaweza kupita juu ya zote mbili. Ukilifanya MP3, vilele vinaongezeka tena, na kadiri biti kwa sekunde zinavyopungua ndivyo vinavyozidi. Ndiyo ile mikwaruzo mnayoisikia kwenye simu. Weka silingi -1 dB, washa ISP Detection kwenye LoudMax au True Peak Limiting kwenye Pro-L 2, ulinzi wa vilele halisi, vile vya kati ya sampuli. Kisha toa MP3 ya 128 kbps, irudishe kwenye projekti, ipime kwa Youlean Loudness Meter, ile ya bure inatosha. Kilele kikivuka 0, shusha silingi, rudia.

Na nyie mnaosukuma hadi -7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima; kadiri inavyokaribia 0 ndivyo inavyokuwa kubwa) "ili ishinde kwenye Spotify", fanyeni hesabu ya darasa la sita. Spotify kwa kawaida inapiga kwenye -14. Wimbo wako unashushwa 7 dB, vilele vyako vilivyokuwa -1 sasa viko -8. Wa jirani uliotoka na -14 unabaki na vilele vyake kwenye -1. Nani ana kiki inayopiga kifua? Wao wenyewe wanashauri silingi ya -2 kwa wimbo uliopita -14. YouTube nayo inashusha tu, haipandishi. Bonyeza video kwa kulia, fungua Stats for nerds, tazama mstari wa Volume / Normalized: utaona umekatwa ngapi.

Watengeneza biti (midundo), nanyi msicheke. Mnatuma MP3 yenye Fruity Limiter bado inawaka kwenye Master (chaneli ya mwisho, zinapokutana sauti zote), halafu mnataka "iwe na nafasi". Zima, toa WAV ya biti 24, vilele viishie kati ya -6 na -3. Kilichokwisha kubanwa hakibanduki.

Jibu #2

Yaya, heshima yako, lakini umesahau nganda (baa). DJ wa Kenya hana Spotify, ana flash. Hakuna kinachosawazisha sauti pale. Wimbo wangu wa -14 ukifuata wa mwingine wa -8, watu wanageuka kumtazama DJ kama umeme umekatika. Msanii anarudi kwangu, si kwako.

Jibu #3 (mwenye uzi)

Mdogo wangu, hapo una haki, na sijasema kila kitu kiwe -14. Toa faili ya pili kwa ajili ya flash, -9 inawezekana bila kuua mtu. Ila usiipate kwa limita moja. Kata kila kitu chini ya 30 Hz, karibu hakisikiki na kinakula nafasi. Kwenye chaneli ya kiki weka klipa (inayokata ncha za wimbi moja kwa moja), inyoe 2 au 3 dB za ncha tu; ncha fupi namna hiyo sikio halizijui. Shusha kiki 1 dB kama bado magitaa yanazama. Baadaye limita mbili mfululizo, kila moja 2 dB, ya mwisho ndiyo yenye ulinzi wa vilele halisi. Limiter No6 ni ya bure na ina klipa, kibanaji cha sauti za juu na ulinzi huo ndani yake. Charley ikianza kusikika kama karanga zinakaangwa, klipa imezidi.

Jibu #4

Naongeza kwa wenye laptop dhaifu. Ovasampulingi (limita kufanya hesabu kwa sampuli nyingi zaidi) ya 4x inatosha. Ifanyieni kazi ikiwa imezimwa, iwasheni wakati wa kutoa faili tu, kisha sikilizeni tena kwa sababu sauti inabadilika kidogo. Na jamani, mnarekodi mwimbaji huku limita ya Master imewaka! Ile inatazama mbele kabla ya kubana, lazima icheleweshe sauti. Mwimbaji anajisikia nyuma ya biti, mnamwita hana taimu.

Jibu #5

Yaya wa uzi, basi ile EQ (ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu) ninayoweka baada ya limita "kung'arisha"?

Jibu #6 (mwenye uzi)

Itoe. Ukiongeza 2 dB kule juu, vilele vinavuka silingi uliyoiweka sasa hivi. Ng'arisha kabla. Baada ya limita ni dita (kelele ndogo sana inayoficha makosa ya kupunguza biti) peke yake, kama unashuka kwenda biti 16.