Kufyeka miguu kwenye futiboli ya Kimarekani: ifutwe yote au ibaki?

Baba wa Mlinzi
Wadau, salaam. Kijana wangu yuko darasa la kumi hapa Texas, anacheza ulinzi. Ijumaa mwenzake alitolewa kwa machela baada ya kugongwa magotini. Hakuna mwamuzi aliyerusha kitambaa cha njano kuonyesha kosa. Nikauliza, nikaambiwa ni halali.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: mzuiaji wa timu yenye mpira anaruhusiwa kujirusha chini na kumgonga mlinzi kwa bega, mapajani au magotini, aanguke ili mkimbiaji apite. Utotoni tungesema kampiga mtama, ila huyu anakuja na mwili mzima, na kwenye ligi kubwa mwili huo una kilo 140. NFL wenyewe, ligi kuu ya kulipwa, mwaka 2016 walifuta kabisa ule mtindo wa watu wawili, mmoja anamshika mlinzi juu, mwingine anamfyeka chini. Mwaka 2021 wakakataza kufyeka nje ya eneo la katikati, pale vigogo wa mstari wa mbele wanapojipanga. Vyuo vikafuata 2022, na shule za huku zinatumia kanuni za vyuo. Sasa goti la anayecheza pembeni limelindwa, la aliye katikati limekosa nini? Mimi nasema ifutwe yote.

Mkongwe wa Mstari
Pole sana mzee wangu, ila hapo sikuungi mkono. Nilicheza mstari wa mbele na kilo zangu 95, mbele yangu limesimama jitu la 130. Nisipokwenda chini nimzuie na nini, dua? Timu za vyuo vya kijeshi, Army, Navy na Air Force, haziwezi kujaza wanene kwa sababu mwanajeshi ana kikomo cha uzito. Wameishi kwa mbinu hii miaka nenda rudi, na kanuni ya 2022 imewabana wao kuliko wengine. Hata timu ya NFL ya Denver Broncos ya 1998, mkimbiaji wao Terrell Davis alipokimbia yadi 2,008 msimu mzima, safu yake ya mbele ilikuwa nyepesi na ilifyeka watu vibaya mno.

Tatizo ni pigo usiloliona, liwe la juu au la chini. Niliye mbele yako unaniona: unashusha mikono mabegani kwangu, unarusha miguu nyuma, nakula nyasi. Anayeumia ni anayeangalia mpira. Mlinzi Brian Cushing wa timu ya Houston, 2012, alikuwa anaufukuza mpira, Matt Slauson wa Jets akamwingia gotini. ACL, ligamenti inayoshikilia goti kwa ndani, ikakatika. Slauson akapigwa faini ya dola 10,000, na mwaka uliofuata NFL ikafuta kufyeka kwa mzuiaji aliyegeuka kurudi upande wa goli lake. Hiyo naiunga mkono.

Dada Fizio
Kaka Mkongwe, mbona umeishia 2012? Oktoba 2013, Cushing huyohuyo alifyekwa na Jamaal Charles wa Kansas City. Mguu ukavunjika, msimu ukaisha kwa mara ya pili. Na lile lilikuwa pigo halali.

Goti ni bawaba. Linakunja na kunyooka, kwenda upande halikuumbwa. Mguu ukiwa umekanyaga na njumu zimeuma nyasi, nguvu ya pembeni inaishia kwenye ligamenti. ACL ikifanyiwa upasuaji, hesabu miezi tisa, mara nyingi zaidi. Tena huko katikati ndiko kwenye msongamano: unamlenga mmoja, unamwangukia wa pili kwenye kifundo.

Baba wa Mlinzi
Na huyo "anayeona" ana miaka 15, Mkongwe. Juzi alikuwa hajui kufunga kamba za viatu.

Mkongwe wa Mstari
Kwa watoto nalegeza kidogo. Majimbo mengi shule zinaruhusu kufyeka papo hapo mpira unapoanza tu, mstari kwa mstari, ndani ya yadi nne kila upande wa mpira. Ukichelewa, ni kosa. Ileteni Texas, nasaini leo.

Ila kufuta yote? Agosti 2013 D.J. Swearinger alimvunja goti Dustin Keller wa Miami, akasema wazi kwamba alikwenda chini kwa kuogopa kanuni zinazokataza kupiga kichwani. Funga chini, watu watapanda juu.

Dada Fizio
Huo ulikuwa ukabaji wa mtu mwenye mpira, si kuzuia. Usituchanganyie. Na kati ya goti na kidevu kuna kifua kizima, kaka.

Baba wa Mlinzi
Mkongwe, tubishane baadaye. Hiyo ya kurusha miguu nyuma inafundishwaje? Jumamosi niko bure.

Mkongwe wa Mstari
Tafuta ile mipira mikubwa ya mazoezi, ya kuketia, Dada anayo kazini kwake. Msukumie miguuni taratibu, aizime kwa mikono bila kuacha kutazama mbele. Ishirini kulia, ishirini kushoto. Halafu mbili kwa pamoja, hapo ndipo atakapokuchukia.